Umetandaza na Bado Mimea Inateseka: Dalili, Vyanzo na La Kufanya

Mkulima wa nyanya, hoho au mchicha anayekwepa mbolea za chumvichumvi huambiwa mapema kabisa: tandaza. Ushauri ni mzuri. Nyasi, mabua au majani makavu yakiufunika udongo, jua haliuchomi, matone ya mvua hayaupigi ukaganda, unyevu unakaa, na polepole viumbe wa udongoni wanalila lile tabaka na kuligeuza mboji. Shida huanza pale mtu anapotandaza, kisha wiki chache baadaye nyanya zinageuka manjano, au miche inakatwa usiku, au mchwa wanajenga njia zao hadi kwenye shina la mpapai. Hapo wengi huyakusanya matandazo yote, huyatia kiberiti na kuapa kutorudia.

Hilo la kiberiti linaniuma, maana aghalabu kutandaza kwenyewe hakukuwa na kosa. Kosa liko kwenye kilichotandazwa, au unene wake, au hali ya udongo siku ile ulipofunikwa. Na yote hayo husomeka mahali pamoja, pale matandazo yanapogusana na udongo. Mwongozo huu unafuata dalili moja baada ya nyingine. Mifano mingi ni ya nyanya na mboga, na mwishoni kuna migomba, kwa kuwa ina mambo yake.

Kwanza funua

Kabla ya kunyunyiza chochote, chagua sehemu tatu: jirani na mmea unaoumwa, jirani na mmea wenye afya, na kati ya mistari. Ondoa matandazo kwa mkono, chimba kina cha kidole, chukua udongo ufinye kwenye kiganja. Ukishikamana kisha ukavunjika unapoubonyeza kwa kidole gumba, unyevu unatosha. Ukimwagika kama unga, ni mkavu, hata kama nyasi za juu zimelowa. Ukitoa maji kati ya vidole, umezidiwa.

Kisha unuse. Udongo wenye uhai unanukia kama ardhi baada ya mvua ya kwanza. Harufu ya siki, ya choo au ya yai viza inamaanisha hewa haipiti. Tazama pia walioko: nyungunyungu, majongoo na wadudu wadogo weupe wanaorukaruka ni wafanyakazi wako, waache. Mafunza manene ya kijivu yanayojikunja ukiyagusa ni sota, na hao tutawarudia.

Usiruke hatua hii. Dalili za juu hufanana mno. Mmea wenye kiu na mmea uliozama majini hunyauka karibu kwa namna moja, ila udongo ulio chini yake haudanganyi.

Majani ya chini yanageuka manjano, mmea umedumaa

Hii ndiyo dalili inayowakatisha tamaa wengi. Manjano yanaanzia kwenye majani ya zamani, jani zima linapauka kuanzia nchani, machipukizi ya juu yanabaki ya kijani lakini membamba. Hiyo ni njaa ya naitrojeni.

Bakteria na kuvu wanaoozesha mabaki wanahitaji kaboni kwa ajili ya nguvu na naitrojeni kwa ajili ya kujenga miili yao. Chakula kinachowatosheleza kina takriban sehemu 24 hadi 30 za kaboni kwa sehemu 1 ya naitrojeni. Samadi ya ng'ombe iko karibu na 20. Mabua ya mahindi yako karibu na 60. Unga wa mbao unavuka 300. Ukiwapa unga wa mbao, kaboni wanayo tele lakini naitrojeni hamna, kwa hiyo wanaichota kwenye udongo, palepale mizizi ya nyanya inapoitafuta. Naitrojeni haijapotea. Imefungiwa ndani ya miili ya vijidudu, na itarudi watakapokufa, lakini nyanya zako hazina miezi ya kusubiri.

Hapa kuna tofauti ambayo ningependa kila mkulima aishike. Mabaki makavu yaliyolala juu ya udongo huinyonya naitrojeni ya tabaka jembamba tu la juu, na mizizi iliyo chini haiguswi sana. Yaliyochimbiwa ndani ndiyo yanayoleta njaa ya kweli. Kwa hiyo ukifunua ukakuta maranda au unga wa mbao umechanganyika na udongo hadi kina cha jembe, chanzo umekipata. Hutokea sana kwa anayelima mara ya pili kwenye tuta lililotandazwa msimu uliopita: matandazo ambayo hayajaoza yanageuzwa na jembe, kisha miche inapandwa juu yake.

Wamatengo wa Mbinga wanafukia nyasi kwa makusudi wanapotengeneza ngoro. Wanafyeka, wanazipanga nyasi katika miraba mteremkoni, wanazifunika kwa udongo unaochimbwa katikati hadi yanabaki mashimo yanayoshika maji ya mvua. Zao la kwanza juu ya nyasi hizo ni maharage, nayo hujitafutia naitrojeni kutoka hewani kupitia vinundu vya mizizi. Mahindi hufuata baadaye, nyasi zikiwa zimeshaoza. Ukilazimika kufukia mabaki makavu, fuata mpangilio huo.

La kufanya kama mimea imeshapauka: yaache matandazo yaliyo juu, ila yasogeze kando kuzunguka kila shina kwa upana wa kiganja. Weka viganja viwili vya samadi iliyooza vizuri au mboji iliyochekechwa kwenye duara hilo, mwagilia, rudisha matandazo huku ukiacha shina wazi. Kwa msaada wa haraka zaidi tengeneza mbolea ya maji ya alizeti mwitu, ile yenye maua ya njano inayojiotea pembeni mwa barabara magharibi mwa Kenya na kwenye milima ya Usambara. Majani yake yakikaushwa yana naitrojeni takriban asilimia 3.5, na potasiamu kwa wingi. Katakata majani mabichi na ncha laini, jaza nusu ya ndoo ya lita 20, ongeza maji, funika, koroga kila siku. Baada ya wiki mbili hivi chuja, ongeza maji mpaka rangi iwe ya chai nyepesi, mwagia kwenye shina mara moja kwa wiki. Rangi ya kijani ikianza kurudi, itaanzia kwenye majani mapya. Yale ya chini yaliyokwisha kuwa manjano hayatarudi, usiyasubiri.

Unga wa mbao mbichi usiutumie kwenye bustani ya mboga. Utandaze kwenye njia za kupita, ukae mwaka, kisha uuingize kwenye biwi la mboji pamoja na samadi.

Mmea unanyauka mchana, na wewe unamwagilia kila siku

Ukifunua ukakuta nyasi zimelowa juu na udongo ni vumbi, maji yako hayafiki. Nyasi kavu zilizolazwa upande mmoja humwaga maji kandokando kama paa la makuti. Mvua ya rasharasha ya milimita 3 au 5 huishia kwenye matandazo na kukauka jua likichomoza. Mwagilia mara chache lakini kwa wingi: fungua matandazo kwenye shina, mimina taratibu mpaka maji yazame, funika tena. Mwenye mipira ya matone aipitishe chini ya matandazo, isikae juu.

Chanzo kingine ni udongo kufunikwa ukiwa mkavu. Matandazo hulinda hali yanayoikuta. Yakikuta unyevu, yanautunza. Yakikuta ukavu, yanautunza vilevile, na mvua za kwanza zinachelewa kuingia. Wakati mzuri ni baada ya mvua mbili tatu za kutosha, au baada ya kumwagilia mpaka kina cha kiganja kimelowa.

Ukikuta tope, basi ni kinyume chake. Kwenye udongo wa mfinyanzi wakati wa masika, tabaka nene huzuia unyevu kutoka na mizizi inakosa hewa. Punguza matandazo mpaka yabaki sentimita 3 hivi, chimba mfereji wa kutoa maji, inua matuta msimu ujao.

Udongo ukiwa sawa kabisa na mmea bado umenyauka ghafla, majani yakiwa mabichi, shuku mnyauko bakteria. Kipimo chake hakina gharama. Kata kipande cha shina karibu na udongo, urefu wa kidole, kining'inize kwenye glasi ya maji safi bila kuitikisa. Ndani ya dakika chache nyuzi nyeupe kama maziwa zikianza kushuka kutoka kwenye mkato, ni bakteria. Ng'oa mmea na mizizi yake, uuchome au uufukie mbali, na yale matandazo yaliyouzunguka yaende nao. Hapo usipande nyanya, hoho, bilinganya, mnavu wala viazi mviringo kwa misimu kadhaa. Weka mahindi au vitunguu.

Kuna habari njema hapa. Nyanya zinazooza kitako, lile doa jeusi lililozama chini ya tunda, mara nyingi zinakosa madini ya kalisi kwa sababu maji yanakuja leo yanakatika kesho, hata kama kalisi ipo udongoni. Matandazo yaliyowekwa juu ya udongo uliolowa hupunguza tatizo hili kuliko dawa yoyote utakayouziwa dukani.

Miche inaanguka, au shina linaoza usawa wa ardhi

Tazama mkato. Shina lililokatwa kwa usafi, na mche umelala kando yake asubuhi, ni kazi ya sota. Fukua sentimita chache kuzunguka mche, utamkuta amejikunja. Mwue kwa mkono, kisha zungushia miche iliyobaki mkanda wa karatasi ngumu au jani la mgomba, uzamishwe kidogo ardhini.

Shina lililosinyaa likawa jembamba na la kahawia usawa wa udongo ni kinyausi, kuvu anayependa unyevu na kivuli. Shina la mmea mkubwa lililolainika na kubadilika rangi pale lilipofunikwa limezibwa pumzi na matandazo. Kwa yote mawili matandazo yako karibu mno. Kitaluni usitandaze nyasi nene. Nyasi nyepesi za kufunika mbegu ziondolewe mara tu mbegu zinapochomoza, jioni, ili jua la mchana lisiushtue mche. Shambani subiri miche ishike na ifikie urefu wa kiganja, kisha tandaza ukiacha nafasi ya sentimita 5 hadi 10 kuzunguka kila shina.

Kwenye maeneo ya baridi kama Njombe, Mufindi au Limuru, ongeza subira. Matandazo hupoza udongo. Pwani hilo ni neema. Njombe mwezi wa saba, maharage yaliyofunikwa mapema yatakaa ardhini bila kuota mpaka yaoze.

Majani mapya yamejisokota na kuwa membamba kama nyuzi

Hii inatisha. Ncha za nyanya zinajikunja, majani yanakuwa kama vikombe au nyuzi, shina linapinda. Wengi husema ni virusi vya kujikunja majani vinavyosambazwa na inzi weupe, na huenda ni kweli: geuza majani, kama inzi weupe wanaruka na mimea iliyougua imetapakaa ovyo ovyo, shuku virusi.

Lakini kama mimea yote ya tuta moja imejisokota kwa pamoja, na matuta ambayo hayakutandazwa ni mazima, shuku kiuagugu. Dawa za kuua magugu ya majani mapana, kama 2,4-D, hupigwa kwenye ngano, miwa na mahindi. Nyingine za jamii ya pikloramu na aminopiralidi hupigwa kwenye malisho, na hizi ni kaidi: zinabaki kwenye majani makavu, zinapita tumboni mwa ng'ombe bila kuvunjika, zinatokea kwenye samadi. Uingereza mwaka 2008 wakulima wengi wa bustani ndogo waliharibikiwa na nyanya, maharage na viazi kwa njia hii hii, kwa samadi waliyoamini ni safi. Mkulima wa kilimo hai anaumia maradufu, kwa sababu hajapiga sumu yoyote na bado imemfuata shambani.

Kipimo ni maharage. Chukua vikopo sita. Vitatu vijaze udongo wako mtupu, vitatu udongo uleule uliochanganywa na matandazo au samadi unayoshuku. Panda maharage matatu katika kila kopo, mwagilia sawa, weka mahali pamoja. Ndani ya wiki mbili hadi tatu, maharage ya kundi la pili yakijikunja na la kwanza yakinyooka, una jibu. Ondoa matandazo hayo yote, usiyaweke kwenye biwi la mboji, na mahali pale panda mahindi au nyasi za malisho, kwani jamii ya nyasi haidhuriki na dawa hizi. Kila unaponunua majani au marobota, muulize muuzaji shamba lile limepigwa nini. Asiyejua, pima kwanza kwa maharage.

Kingo za majani zimeungua, ukoko mweupe unaonekana ardhini

Pwani, hali hii huja na makumbi ya nazi au mwani. Makumbi yaliyoloweshwa kwenye maji ya bahari ili yalainike yana chumvi, na mwani uliookotwa ufukweni nao vilevile. Loweka kiasi kidogo kwenye maji baridi, yaani yasiyo na chumvi, usiku kucha, asubuhi onja kwa ncha ya ulimi. Ukisikia chumvi, tandika mzigo wote mahali penye mteremko, upigwe na mvua kadhaa kubwa kabla ya kuugusa. Kwenye tuta lililokwisha kuathirika, ondoa matandazo na mwagilia maji mengi baridi mara kadhaa ili chumvi ishuke chini ya mizizi.

Harufu ya siki au mkojo, na mimea imeungua ndani ya siku chache

Nyasi mbichi au vipande vya mbao vikirundikwa virefu, vikikosa hewa katikati, hutengeneza asidi na gesi ya amonia. Ukizitandaza zikiwa hivyo zinaunguza. Zikusanye, zianike kwa tabaka jembamba siku tatu nne mpaka harufu iishe, ndipo uzirudishe. Nyasi mbichi zilizokatwa kwa mashine zisizidi sentimita 2 kwa mara moja, vinginevyo hushikamana zikawa kama mkeka uliolowa.

Nyuzi nyeupe zinazotambaa chini ya matandazo, na vijiuyoga baada ya mvua, si ugonjwa. Ni kuvu wanaoozesha. Viache, ila usivile.

Mchwa

Hakuna hofu inayowazuia watu wa Dodoma, Singida, Tabora na Kitui kutandaza kama hofu ya mchwa, na hofu hiyo ina msingi. Matandazo makavu yanawaita. Swali la kujibu kwanza ni wanakula nini. Funua uone: wakiwa kwenye mabua na mashina ya mimea yako ni mazima, wanafanya kazi ya kuozesha ambayo nyungunyungu hawaiwezi kwenye ukame. Wanachimba njia zinazopitisha maji na hewa, wanashusha mabaki chini na kupandisha udongo wa ndani.

Nchini Burkina Faso, Yacouba Sawadogo alifufua ardhi iliyokuwa imeganda kama sakafu kwa kuchimba mashimo madogo kiangazi na kuweka ndani yake samadi na mabaki ya mimea. Mchwa wakafuata chakula, wakatoboa ardhi, na mvua ilipokuja ikapata pa kuingilia. Mwaka 2018 alipewa tuzo ya Right Livelihood kwa kazi hiyo. Namkumbuka kila ninaposikia mtu akiulizia sumu ya mchwa kwanza kabla ya kufunua.

Hata hivyo mchwa wakila mmea hai, chukua hatua. Kwa kawaida humgeukia mmea ulionyong'onyea kwa ukame, au pale chakula kikavu kinapoisha. Karibu na shina weka majani yanayooza haraka, kama ya alizeti mwitu au ya lusina na gilirisidia, miti ya jamii ya mikunde, na yawe na unyevu. Mabua magumu na vijiti viweke katikati ya mistari, mbali na shina, vibaki huko wakati wote wa kiangazi, ili wawe na cha kula. Kuyafagia matandazo yote kwa ghafla katikati ya kiangazi ndiko kunakowasukuma kwenye mimea. Zungushia jivu kavu kwenye mashina ya miche ya miti na mapapai, urudie baada ya mvua. Kichuguu kikiwa ndani kabisa ya bustani, chimba umtoe malkia. Ni kazi nzito lakini inamaliza.

Konokono na panya

Konokono hujificha chini ya matandazo mchana na kutafuna mchicha, kabichi na miche ya hoho usiku. Mwagilia asubuhi badala ya jioni, acha eneo wazi kuzunguka kitalu, weka kipande cha ubao au ganda la papai jioni, na alfajiri ukiinue uwaokote. Bata wachache wanaopitishwa kabla ya kupanda husaidia sana.

Panya hupenda matandazo mazito yaliyo karibu na ukuta au ua. Usizidishe sentimita 10, na acha mita moja ya ardhi tupu kando ya nyumba na ghala. Penye panya nyoka naye hufika, kwa hiyo funua kwa fimbo au uma, usitumbukize mkono.

Magugu yameongezeka

Ama umeleta mbegu, ama umekutana na ndago. Nyasi zikatwe kabla hazijatoa masuke. Zilizokwisha kuzaa zipitie kwenye biwi la mboji lenye joto la kutosha. Sangari na ukoka hazifai zikiwa mbichi, kila kipande chenye kifundo kitaota. Zianike juani mpaka zivunjike mkononi.

Ndago anatoboa nyasi za sentimita 10 bila shida, hata maboksi huyatoboa. Matandazo peke yake hayamwezi. Chimba vitunguu vyake kiangazi, vianikwe, kisha panda zao linalotambaa na kufunika haraka, kama viazi vitamu au maboga, kwa sababu ndago hapendi kivuli. Kwa magugu mengine, maboksi mawili matatu yaliyoloweshwa, bila gundi za plastiki, yakiwekwa chini ya nyasi yanatosha.

Msimu umepita na udongo haujabadilika

Hapa naomba tuzungumze kwa utulivu, kwa sababu matarajio ndiyo yanayovunja moyo.

Kwanza, kiasi. Bustani ya mita 10 kwa 10 ukitaka tabaka la sentimita 7 inahitaji mita za ujazo 7 za nyasi. Wengi huleta mizigo miwili ya kichwani na kuisambaza mpaka udongo unaonekana katikati. Hiyo haifuniki. Ni afadhali utandaze robo ya bustani ipasavyo kuliko kuirashia yote. Nyasi zikishuka nusu ya unene wake, ongeza nyingine juu bila kuondoa za zamani. Pwani yenye joto na unyevu zitaisha upesi kuliko nyanda za juu.

Pili, kilichotandazwa. Maganda ya mpunga, yanayopatikana bure kwenye mashine za kukoboa za Kyela, Kilombero na Mwea, yana silika nyingi, madini magumu kama ya mchanga, yanaoza polepole na yanapeperuka. Yanahifadhi unyevu vizuri lakini usiyategemee kulisha udongo. Majani ya mikaratusi ukiyatumia mabichi huzuia mbegu kuota. Changanya vya aina tofauti: mabua ya kudumu, majani laini ya jamii ya mikunde ya kulisha, na samadi chini yake.

Tatu, matandazo hayaleti kisichokuwamo ndani yake. Udongo mchachu uliokosa fosforasi utabaki hivyo kama nyasi zimetoka kwenye udongo uleule mchachu. Mbolea ya mawe ya Minjingu, inayochimbwa mkoani Manyara, hufanya kazi vizuri kwenye udongo wa namna hiyo, na ni mwamba uliosagwa.

Nne, na hili naliona halisemwi vya kutosha: rutuba unayoitandaza imetoka mahali. Wahaya wa Kagera kwa vizazi wamelisha kibanja, shamba la migomba na kahawa linaloizunguka nyumba, kwa nyasi zilizokatwa rweya, ile mbuga ya wazi nje ya vijiji. Kibanja kikanawiri, rweya ikabaki maskini. Mwenye eneo dogo akitegemea nyasi za jirani atakwama siku jirani atakapozikatia ng'ombe wake. Penye mifugo, mabua yana wadai wawili, na ng'ombe kwa kawaida hushinda. Vihamba, mashamba ya nyumbani ya Wachagga wa Kilimanjaro, vimelijibu hilo kwa miaka mingi: majani yanaingia bandani kwa ng'ombe wa kufungiwa, na yanarudi kwenye migomba kama samadi iliyochanganyika na mabaki ya malisho. Panda mstari wa lusina au alizeti mwitu mpakani, nyasi za gwatemala kwenye kingo za makinga maji, na utakuwa na matandazo yako mwenyewe bila kumuomba mtu.

Utajua mambo yanabadilika kabla ya mavuno kukuambia. Rudi kwenye kile kipimo cha kufunua. Dalili ya kwanza ni vijilima vidogo vya kinyesi cha nyungunyungu juu ya udongo, kisha rangi inakuwa nyeusi zaidi kwa unene wa kucha, kisha mizizi midogo myeupe inaanza kupanda na kuingia ndani ya matandazo yenyewe. Ukiiona mizizi hiyo, usilime tena kwa jembe pale. Toboa shimo la kupandia tu.

Migomba iliyotandazwa inaanguka au inanyauka

Mgomba uliotandazwa hadi shinani hung'oka kwa upepo mdogo, na ukilitazama tunguu, lile shina nene la chini ya ardhi, utaona matundu meusi. Hao ni fukusi, wanaopenda unyevu na giza la matandazo ili watage mayai kwenye tunguu. Rudisha matandazo nyuma nusu mita au zaidi kutoka kwenye shina, pasua mashina yaliyovunwa vipande vidogo vikauke haraka, na panda machipukizi yaliyomenywa tunguu lake, yasiyo na matundu.

Majani yakiwa manjano na kuvunjika huku ndizi zikiiva kabla ya wakati, na ukikata shina unaona utomvu wa njano mpauko ukichuruzika, huo ni mnyauko bakteria wa migomba, ambao umewaumiza wakulima wengi wa Kagera na nchi jirani. Hapo usitandaze mabaki ya mgomba huo popote penye migomba. Kata shina lenye ugonjwa usawa wa ardhi, lundika vipande mahali pamoja pasipopitwa na mifugo, na panga lako lipitishe kwenye moto mpaka lisishikike, au lioshe kwa dawa ya kusafishia nguo yenye klorini, kabla halijagusa mgomba mwingine. Matandazo ya shamba zima kwa kipindi hicho yatoke kwenye nyasi na mabua, mpaka migomba iliyobaki ikae miezi kadhaa bila dalili mpya.